Barabara Inayojengwa na Baridi

Mama yangu anaishi Tanga, na baridi kubwa anayoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba. Wiki ile niliyofika Winnipeg, Kanada, Februari 2011, alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, hiyo baridi ya huko inaizidi ya Lushoto?"

Nilikuwa dirishani. Nje jua linawaka, anga ni buluu tupu, hakuna wingu hata la dawa. Nikamwambia, "Leo afadhali mama, jua limetoka. Nadhani nitatembea kidogo."

Nilitoka na koti la mtumba nililolinunua Dar. Hatua ishirini hazikufika. Kila nikivuta pumzi, vinywele vya puani vinashikana kama vimepakwa gundi. Machozi yaliyotoka kwa upepo yakaganda kwenye kope. Theluji chini ya viatu ilikuwa inalia, sauti kavu kama mtu anatembea juu ya unga wa muhogo. Nilirudi ndani mbio na sikio moja limekufa ganzi. Mke wangu, aliyenitangulia Kanada kwa miaka miwili, alinikalisha mbali na hita, akanifunika sikio kwa kiganja chake bila kulisugua, akasema ni nyuzi 31 chini ya sifuri. "Ukiona jua kama hilo wakati wa baridi," akaniambia, "vaa mara mbili."

Kwetu pwani jua ni joto, hakuna mjadala. Ilinichukua muda kukubali kwamba huko kaskazini katikati ya bara mambo yamegeuka. Wingu ni blanketi. Likitanda usiku, joto la ardhini halipati njia ya kupotea. Anga likiwa wazi joto lote linapanda juu, na hewa nzito iliyoshuka kutoka Aktiki inakaa palepale siku nyingi, kwa sababu kati ya Winnipeg na bahari ya barafu hakuna mlima wa kuizuia. Siku kali kuliko zote za mwaka ndizo zinazopendeza zaidi kwenye picha.

Kazi yangu ni udereva. Kabla ya kuondoka Tanzania nilikuwa nimeendesha malori ya transit miaka kumi na minne, Dar, Tunduma, hadi Lubumbashi, karibu kilomita elfu mbili kwenda tu. Nilidhani masafa hayawezi kunitisha. Kanada ina eneo la kilomita za mraba milioni 9.98, inatanguliwa na Urusi peke yake, na Tanzania ingeingia humo mara kumi na bado kukabaki nafasi. Watu wake ni kama milioni 40, wachache kuliko sisi, na wengi mno wamejipanga kwenye ukanda mwembamba wa kusini, kilomita 160 hivi kutoka mpaka wa Marekani. Ndani ya ukanda huo ndimo inamopita, kwa sehemu kubwa, barabara kuu ya nchi, kilomita 7,800 na ushee kutoka kisiwa cha Newfoundland hadi kisiwa cha Vancouver, na vivuko vikiwemo. Juu ya hapo ni misitu, maziwa, miamba, na kimya.

Miezi michache baada ya kupata leseni yao nilianza kuijua nchi kwa matairi. Ukitoka Winnipeg kuelekea mashariki, baada ya kama nusu saa kuna kibao kinachosema hapo ndipo katikati ya Kanada kwa longitudo. Muda si mrefu tambarare inakwisha na mwamba unaanza: mwamba mwekundu na wa kijivu, miti ya misonobari, ziwa, mwamba, ziwa, unalala jimbo la Ontario na kuamka Ontario. Huko ndiko liliko Superior, ziwa kubwa kuliko yote duniani ya maji baridi kwa upana wa uso wake. La pili ni Viktoria yetu. Na huko huko ndiko liliko daraja la Nipigon, ambalo malori yote ya kuvuka nchi lazima yapite juu yake. Januari 2016, daraja likiwa jipya, bolti zilikatika na sakafu yake ikainuka kama sentimita 60. Kwa siku nzima hapakuwa na njia ya lori kutoka mashariki ya Kanada kwenda magharibi isipokuwa kuzunguka Marekani.

Ukielekea magharibi ni kinyume. Tambarare hadi macho yanachoka. Zamani sana, barafu kuu ilipokuwa inayeyuka, hapo palikuwa na ziwa ambalo wataalamu wanaliita Agassiz. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaotoa ngano leo ndio matope ya sakafu ya ziwa hilo. Ukifika jimbo la Alberta unakutana na chinook, upepo unaoshuka kutoka Milima ya Rocky ukiwa mkavu na wa moto, unaoweza kupandisha joto nyuzi ishirini kwa saa chache katikati ya Januari, na kulilaza tela tupu ubavuni bila taabu. Sisi watu wa pwani tunajua kusi na kaskazi, pepo zenye miezi yake, babu zetu wakasafiria. Chinook haina ahadi na mtu. Kisha milima yenyewe, ambako kwenye njia ya Rogers wanajeshi hupiga mizinga ya kweli milimani ili theluji iporomoke barabara ikiwa imefungwa, isije ikaporomoka juu ya watu. Halafu unateremka Vancouver, na unakuta mvua. Mvua tu, tena ya uvuguvugu. Latitudo inakaribiana na ya Winnipeg, lakini Pasifiki iko mlangoni.

Hayo yote mtu anaweza kuyaona kwenye ramani. Jambo ambalo ramani haikuniambia nililijifunza mtaroni.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wangu wa pili. Natoka Thunder Bay kurudi Winnipeg, nimebeba vyakula vya makopo, usiku, nimeshapita Dryden naitafuta Kenora. Wiki nzima ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Usiku ule kipimo cha kwenye dashibodi kikapanda hadi moja chini ya sifuri na manyunyu yakaanza. Nilifurahi. Nililegeza kofia, nikashusha hita. Lilinijia wazo kwamba leo ni kama kuendesha Makambako asubuhi.

Barabara ilikuwa inang'aa kama imelowa. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo, na matairi yake hayakuwa yanarusha maji. Hilo nililiona kwa macho yangu na sikulielewa. Barabara iliyolowa hurusha maji. Ikiwa inang'aa na hairushi kitu, hayo si maji tena. Ile ni mvua inayoanguka ikiwa maji, kwa sababu huko juu hewa ina joto kidogo, na inaganda pale pale inapogusa lami. Vioo vyangu vya pembeni vilikuwa tayari vimevikwa ngozi nyembamba ya barafu, nikadhani ni ukungu.

Pakaja mteremko mdogo, ambao mbele ya Kitonga ni tuta. Niligusa breki kwa ncha ya mguu. Nikaona kwenye kioo cha kulia taa za tela langu mwenyewe zikija pembeni yangu, taratibu kabisa, bila sauti. Tela lilikuwa linataka kunipita. Nakumbuka nilisema "Ya Rabi" na kuachia breki, basi. Tulimalizikia mtaroni, kichwa kimezama kwenye theluji hadi kwenye taa, tela limekaa upande. Sikuumia. Yule wa gari dogo hata hakujua.

Nilingoja gari la kuvuta kwa muda wa saa tano. Aliyelileta alikuwa mtu mzima, mkimya, akaangalia namna nilivyoingia mle ndani akaniuliza, "Baridi ilipopungua ulifurahi?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa. Akanieleza wakati anafunga minyororo kwamba kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri barafu ni kavu, imekaza, tairi linaishika karibu kama msasa. Kwenye sifuri kuna utando wa maji juu yake, na hapo lori la tani 40 halina pa kushika. Nyuzi 30 hazijamtupa mtu mtaroni mara nyingi, alisema. Sifuri ndiyo inayomlisha yeye.

Nilikuwa nimekuja nchi ile naogopa baridi. Kuanzia usiku ule nikaanza kuogopa joto.

Na kadiri miaka ilivyokwenda niliona kwamba si barabara tu. Nchi nzima, kuanzia hapo Winnipeg kwenda juu, imesimama juu ya baridi. Angalia mito. Mto Red unatoka Marekani unapanda kaskazini hadi ziwa Winnipeg. Masika ikianza, barafu inayeyuka kusini kwanza, maji yanashuka na kukuta mbele mto bado umefungwa. Hayana pa kwenda, yanatapakaa kwenye ile tambarare ya ziwa la kale. Ndiyo maana wameuzungushia mji mfereji wa kilomita 47, uliochimbwa kati ya 1962 na 1968 baada ya gharika ya 1950. Waziri mkuu wa jimbo aliyeshikilia uchimbwe, Duff Roblin, alibezwa sana, watu wakauita handaki la Duff. Mwaka 1997 maji yalikuja makubwa kuliko yale ya 1950, na mji ukapona. Mimi niliikuta gharika ya 2011, miezi miwili baada ya kufika. Nilisimama kando ya mfereji ule naangalia vipande vya barafu vyenye ukubwa wa milango vikipita kwa kasi, na jua kali juu yake.

Masika hiyo hiyo barabara nyingi za pembeni hushushiwa uzito unaoruhusiwa. Dereva wa kwetu akisikia mizani wamepunguza tani atadhani ni mambo ya ushuru. Kumbe ardhi inayeyuka kuanzia juu, chini bado imeganda, maji yanakosa pa kuzama, na lami inabaki imelalia uji. Lori la kawaida likipita pale kwa uzito wa Januari linaibomoa barabara kwa siku moja.

Lakini aliyenifundisha jambo hili hadi likaniingia mifupani ni mzee mmoja mwenyeji wa kaskazini, wa jamii za asili za huko, ambaye nilikaa naye kwenye kichwa kimoja cha lori Februari 2016, safari yangu ya kwanza ya barabara ya barafu. Jimbo letu la Manitoba, ambamo Winnipeg imo, peke yake hutengeneza zaidi ya kilomita 2,000 za barabara hizi kila msimu. Zinapita juu ya vinamasi, mito na maziwa, kuvifikia vijiji ambavyo kiangazi hufikiwa kwa ndege. Zinaishi wiki sita, nane ukijaliwa. Masika zinarudi kuwa maji, na mwaka unaofuata zinaanzwa upya.

Mzee alinionyesha namna zinavyojengwa. Kazi ya kwanza juu ya ziwa ni kuondoa theluji, kwa sababu theluji nayo ni blanketi, ikilala juu ya barafu inaizuia isinenepe. Nikakumbuka mawingu. Wakishaifagia, baridi inafanya kazi yenyewe usiku na mchana, na wao wanatoboa matundu kupima unene. Kwa lori lililojaa wanataka karibu mita moja. Barafu ya buluu, inayoonekana kama chupa, ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake wanaihesabu nusu.

Tuliingia ziwani alfajiri, nyuzi 36 chini ya sifuri. Mzee akaniambia nifungue mkanda na nishushe kioo kidogo. Mwendo wa baiskeli. Lori likitembea juu ya barafu linasukuma wimbi kwenye maji yaliyo chini yake, na ukikimbia wimbi hilo linakutangulia, linagonga ukingo, linarudi kuipasua barafu mbele yako. Kwa hiyo ukikaribia nchi kavu, pale moyo unapotaka ukanyage mafuta ufike, ndipo unapotakiwa kupunguza zaidi.

Katikati ya ziwa barafu ilipiga. Mlio kama wa bunduki, ukifuatiwa na mwangwi mrefu unaokimbia chini yetu hadi ng'ambo. Nilishika mlango. Mzee alikuwa anamenya chungwa.

"Inalia kwa sababu inakaza," akasema. "Ikinyamaza na kuanza kutoka jasho juu, nitakuambia tugeuze."

Tulikuwa tumebeba mbao, mabati na madirisha. Tulipofika kijijini, eneo la Island Lake, mama mmoja alikuja akiwa amejifunika shali, hakutuangalia sisi, alikwenda moja kwa moja kwenye tela akaweka kiganja chenye glavu juu ya mbao. Akamwambia mzee kitu kwa lugha yao. Niliuliza kasemaje. "Anasema hicho ni chumba cha binti yake. Mwaka jana barabara ilifungwa mapema, mbao hazikufika." Binti alikuwa amekaa mwaka mzima na watoto sebuleni kwa ndugu, wakisubiri maji yagande.

Nimelifikiria sana lile tendo la mama yule. Sisi Tanzania tunajua barabara kukatika kwa mvua. Tunajua masika ikipiga kijiji kinabaki peke yake. Lakini kwetu barabara ipo, mvua inaiharibu. Kule barabara yenyewe ni hali ya hewa. Hakuna baridi, hakuna barabara, na hakuna serikali inayoweza kuileta kwa greda.

Mwaka 2018, mwezi wa saba, nilipata safari moja ya Inuvik, juu kabisa ng'ambo ya duara la Aktiki. Siku nne za barabara, na kilomita mia saba na zaidi za mwisho ni changarawe tupu iliyotandazwa nene juu ya ardhi iliyoganda toka enzi. Inatandazwa nene makusudi, ardhi iliyo chini isipate joto. Nyumba za mji ule zimesimama juu ya nguzo kama dungu la shambani, ili joto la jikoni lisishuke likayeyusha msingi. Mabomba ya maji yanapita juu ya ardhi, ndani ya masanduku, nyuma ya nyumba. Huko kuna msikiti mdogo ambao sisi Waislamu wa Winnipeg tunauonea fahari: ulijengwa kwetu Manitoba, ukapakiwa kwenye tela mwaka 2010, ukasafirishwa zaidi ya kilomita 4,000, kwanza kwa barabara kisha kwa tishari juu ya mto Mackenzie, ukafika Septemba kabla mto haujafunga. Niliswali humo saa nne usiku na jua liko dirishani. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia kiangazi wenyeji wake hufuata saa za Edmonton, maana kwao magharibi haiingii.

Joto lenyewe nalo nililiona. Mwisho wa Juni 2021 nilikuwa British Columbia, mkoani karibu na Lytton. Tarehe 29 kipimo cha Lytton kilifika nyuzi 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Sijawahi kulihisi joto kama lile Dar wala Lubumbashi. Kesho yake moto uliila sehemu kubwa ya kijiji. Novemba mwaka huo huo mvua zikabomoa barabara zote za kutoka Vancouver kwenda kwingine Kanada. Madereva tulikuwa tunapigiana simu kutoka pande mbili za milima, hakuna anayeweza kumfikia mwenzake.

Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 yalikuja na joto. Desemba nzima Winnipeg matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Watoto wangu walitaka kwenda kuteleza mtoni, mto hauko tayari. Mzee wangu wa kaskazini, ambaye sasa haendeshi tena, alinipigia katikati ya Januari. Kwa kawaida wakati huo tunakuwa tumeshapakia. Nilimuuliza ziwa likoje.

"Limenyamaza," akasema.

Februari viongozi wa jamii za asili kaskazini ya Ontario walitangaza hali ya dharura kwa sababu barabara za barafu hazibebi malori. Upande wetu tulikuwa tunangoja. Tela langu lilikuwa limepaki yadi, limejaa mbao na turubai juu, na kila asubuhi nilikuwa nikipita kuliangalia, naugusa ule mkanda wa kufungia kama kwamba kuna kitu nitakibadilisha. Nilikuwa namwona yule mama wa shali. Safari hii sikujua mbao ni za chumba cha nani.

Jioni moja mama akapiga kutoka Tanga. Shikamoo, marahaba, watoto, mkwe, afya. Miaka kumi na tatu sasa, na swali lake halijabadilika.

"Baridi vipi, mwanangu?"

"Mwaka huu haijaja mama. Nje ni nyuzi mbili juu ya sifuri."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa moyo wake wote. "Nilikuwa nakuombea kila swala."

Nilinyamaza kidogo. Nje ya dirisha maji yalikuwa yanatiririka kwenye bomba la paa kama tuko vuli. Nikamweleza habari ya ziwa, mbao, na yule binti aliyengoja mwaka mzima sebuleni. Alisikiliza bila kunikatiza, na mama yangu si mtu wa kutokatiza.

"Kwa hiyo unataka niombe nini sasa?" akauliza.

"Omba ije, mama. Omba ije hata wiki tatu."